Hoho hudai gramu chache, ila hudai kwa wakati

Mmea wa pilipili hoho humtia mkulima matumaini mapema mno. Kwa wiki tano au sita tangu miche itolewe kitaluni, majani hupanuka, shina hunenepa na shamba zima hukoza rangi. Kisha maua meupe hufunguka, na mkulima akienda kumwagilia asubuhi huyakuta chini, vikonyo vimekatika penye kifundo. Machache yanayoshika hutoa matunda yaliyopinda, na mengine huoza kitako kabla hayajajaa kiganja. Kwa mtu wa Mbumbuni aliyenunua mbegu kwa bei ghali, akalipa vibarua, kisha akanunua petroli ya pampu ya maji wiki baada ya wiki, hasara hiyo si ndogo. Karo ya muhula ilikuwa ikiyategemea maua hayo.

Dawa ya kwanza hutafutwa dukani. Katika maduka ya agrovet, rafu hujaa chupa na pakiti zenye picha za matunda makubwa yanayong'aa. Muuzaji huuliza swali moja au mawili, kisha hukata shauri: "Piga hii, mama. Vifuniko viwili kwa pampu, maua yatashika." Ndani ya chupa nyingi za aina hiyo mna madini madogo: boroni, zinki, chuma, manganisi, shaba na molibdeni. Yana kazi ya kweli mwilini mwa mmea, na pale yanapokosekana hakuna mbolea nyingine inayoweza kushika nafasi yake. Lakini hayo si dawa ya maua. Hufaa pale tu ambapo ndiyo hasa yaliyopungua, yakatiwa kwa kiasi kinachofaa na kwa wakati unaofaa, katika shamba ambalo maji na udongo vimeshatunzwa. Mkulima akiruka hatua hizo, amenunua chupa na tatizo limebaki palepale.

Ardhi yenyewe

Mbumbuni iko Mbooni Mashariki, kaunti ya Makueni, upande ambako ardhi huteremka kutoka vilima vya Mbooni kuelekea Mto Athi. Ng'ambo ya mto huo ni Kitui. Vilimani mvua hufikia takriban milimita 800 hadi 900 kwa mwaka, na kadiri unavyoteremka ndivyo inavyopungua. Mvua ya kutegemewa ni ile ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi hadi Mei huja ikitaka, na mara nyingi hukatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Ndiyo maana kilimo cha hoho, nyanya na vitunguu hukaa karibu na mito ya msimu, visima vya mchanga na mabwawa, mahali ambapo mtu anaweza kumwagilia baada ya mawingu kuondoka.

Watu wa hapa si wageni wa kazi ya kuokoa udongo. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, na matuta yaliyochimbwa kwa mikono katika vilima vya Machakos ya zamani yalisifika duniani. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu wilaya hiyo, wakionyesha kwamba watu waliongezeka huku mmomonyoko ukipungua, kwa sababu wenye mashamba walichimba matuta, wakapanda miti na kubadili namna ya kulima. Tuta huzuia udongo usiende na maji. Hata hivyo halirudishi kile ambacho mavuno ya miaka mingi yamekwisha kuondoa. Udongo mwingi wa nyanda hizi ni mwekundu au wa kichanga, wenye mboji kidogo, na mboji ndiyo ghala kuu la boroni na mshikaji mzuri wa zinki. Ghala likiwa tupu, zao linalodai sana kama hoho huwa la kwanza kulalamika.

Kile kidogo kinachoamua

Wanasayansi wanahesabu elementi 17 ambazo mmea hauwezi kuishi bila hizo. Nane kati yake huhitajika kwa kiasi kidogo sana: boroni, zinki, chuma, manganisi, shaba, molibdeni, klorini na nikeli. Udogo wa kiasi haupunguzi uzito wa kazi. Mjerumani Carl Sprengel aliandika katika miaka ya 1820 kwamba mavuno hufungwa na kile kirutubisho kilichopungua kuliko vyote, na mwenzake Justus von Liebig akaieneza fikra hiyo hadi ikajulikana kwa jina lake. Maana yake shambani ni nyepesi: ukiwa na nitrojeni ya kutosha, fosforasi ya kutosha na maji ya kutosha, lakini boroni imepungua, mavuno yatakomea pale boroni ilipokomea. Gunia la tano la mbolea ya CAN halitasogeza kitu.

Boroni ndiyo inayohusiana na maua kwa karibu zaidi. Katherine Warington wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, alithibitisha mwaka 1923 kwamba maharagwe mapana hayawezi kukua bila boroni. Tangu hapo imejulikana kwamba madini haya hujenga ukuta wa seli na kwamba chavua huyahitaji ili iote na kuteremsha mrija wake hadi kwenye yai la ua. Chavua isipoota, ua halirutubishwi, na mmea hulitupa. Likirutubishwa nusunusu, tunda hukua upande mmoja. Chukua hoho iliyopinda uipasue katikati: mara nyingi upande ulionona una mbegu nyingi zilizojaa, na upande uliosinyaa una mbegu chache au hauna kabisa. Mbegu changa ndizo zinazoita chakula kije kwenye nyama ya tunda. Pasipo na mbegu, tunda halivimbi.

Zinki kazi yake huanza mapema zaidi. Mmea huihitaji kutengeneza homoni ya ukuaji, na ikikosekana majani mapya huwa madogo na membamba, vifundo husongamana na mmea hudumaa. Chuma na manganisi huhusika na kijani cha jani. Upungufu wa chuma huonekana kwenye majani machanga, yakiwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Manjano ya aina hiyo yakianzia kwenye majani ya chini, yaliyokomaa, mshukiwa ni magnesiamu, ambayo si madini madogo na ina tiba yake.

Kuna jambo linalosahaulika kirahisi: madini yanaweza kuwamo udongoni na mmea usiyapate. Udongo ukiwa na chokaa au magadi mengi, zinki, chuma na manganisi hufungwa. Fosforasi ikizidi, hoho hushindwa kutumia zinki, kwa hiyo mtu anayemwaga mbolea ya DAP kila msimu bila kupima huenda anatengeneza njaa ya zinki kwa fedha zake. Majivu ya jikoni, ambayo wengi huyamwaga kwenye bustani ileile mwaka nenda mwaka rudi, nayo hupandisha magadi ya udongo. Udongo wenye asidi nyingi huzuia molibdeni. Boroni yenyewe husafiri na maji: mvua kubwa kwenye udongo wa kichanga huizamisha chini ya mizizi, na kiangazi kikikausha tabaka la juu mizizi hushindwa kuivuta.

Kuoza kitako: lawama kwa maji

Tatizo linalouza chupa nyingi kuliko mengine ni lile la hoho kuoza kitako. Baka la majimaji hutokea karibu na ncha ya tunda, hugeuka kahawia, hukauka na kuwa kama karatasi, kisha ukungu mweusi hulikalia. Wengi huona ukungu na kununua dawa ya ukungu. Chanzo halisi ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na mara nyingi shamba lenyewe halijapungukiwa na kalsiamu. Madini haya hupanda na maji kutoka mizizini na kwenda kule ambako maji hutoka kwa wingi, yaani kwenye majani. Tunda hutoa maji kidogo sana, hivyo hupata mabaki. Mkulima akimwagilia Jumatatu, akakosa petroli hadi Ijumaa, kisha akafurika shamba ili kufidia, ndani ya siku hizo nne seli za kitako cha tunda changa zimekufa. Hakuna kinachozifufua.

Makosa mengine huongeza ubaya. Nitrojeni nyingi, hasa ya amonia, husukuma majani na kushindana na kalsiamu mizizini. Chumvi ya Epsom, ambayo ni magnesiamu, husifiwa mno na watu kama chakula cha pilipili, lakini mahali ambapo magnesiamu haijapungua inazidisha ushindani huohuo. Maji ya chumvi, yanayojulikana sana katika visima vilivyochimbwa kwa mashine Ukambani, huutesa mmea wa hoho, ambao hauvumilii chumvi, na huzuia kalsiamu isipande. Kunyunyizia kalsiamu kwenye majani husaidia kidogo, kwa kuwa kalsiamu iliyoingia kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda. Labda dawa iguse matunda machanga yenyewe.

Tiba ya kwanza, basi, ni kumwagilia kidogo kidogo bila kuruka, na kufunika udongo kwa nyasi kavu au mabua. Hapa Ukambani imejaliwa. Mabwawa ya mchanga yaliyojengwa na vikundi vya wanakijiji kwenye mito ya msimu hukusanya mchanga nyuma ya ukuta wa saruji, na ndani ya mchanga huo maji hukaa miezi mingi bila kuliwa na jua. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Mara nyingi sheria hiyo huzungumzwa kama vita dhidi ya malori ya mchanga. Mimi naiona pia kama sheria ya hoho, kwa sababu mto ulionyang'anywa mchanga haumpi mkulima maji ya Agosti, na bila maji ya Agosti mazungumzo ya boroni ni ya bure.

Kabla ya kuilaumu mbolea

Maua hudondoka kwa sababu nyingine pia, na mkulima mwangalifu huziondoa moja moja. Joto ni la kwanza. Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku ukabaki na joto, hoho huangusha maua hata ikiwa imelishwa vizuri. Februari na Oktoba si miezi ya kutegemea ua. Nao usiku wa Julai vilimani, joto likishuka chini ya nyuzi 15, chavua hudhoofika na matunda huwa madogo, bapa na yasiyo na mbegu. Kupanga tarehe ya kitalu ili maua yafunguke nje ya miezi hiyo hakugharimu hata shilingi.

Wadudu ni sababu ya pili. Utitiri, ambao jicho tupu haliwezi kuuona vizuri, hukunja majani machanga yakawa magumu na membamba, na mtu akadhani ni njaa ya zinki. Vidukari husambaza virusi vya mozaiki. Thripsi hujificha ndani ya ua na kulila. Geuza jani juu chini, litazame kwa kioo cha kukuzia, na upigepige ua juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vijidudu vinakimbia, chupa ya madini haitakusaidia. Vilevile epuka kunyunyizia viuadudu asubuhi maua yakiwa wazi, maana nyuki hujazia kazi ambayo upepo na chavua ya ua lenyewe hufanya.

Pima, kisha tia

Sampuli ya udongo ni kazi ya asubuhi moja. Pita shambani kwa mwendo wa kombokombo, chimba mahali 10 hadi 15 kwa kina cha sentimita 20, uchanganye udongo huo, upunguze hadi nusu kilo na uukaushe kivulini. Tumia ndoo ya plastiki. Ndoo ya mabati imepakwa zinki, na chembe zake zinatosha kuharibu kipimo cha zinki. Jembe lenye kutu nalo huharibu kipimo cha chuma. Usichote penye kichuguu, penye jivu wala mahali zizi lilipokuwa. Maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete, Nairobi, hupima udongo, na unapopeleka sampuli taja kwamba unataka madini madogo, kwa sababu kipimo cha kawaida huweza kuishia kwenye asidi, nitrojeni, fosforasi na potasiamu.

Majibu yakionyesha upungufu, hapo ndipo gramu huanza kuhesabiwa. Kwa udongo, boroni huwekwa kati ya nusu kilo na kilo moja kwa hekta. Katika robo ekari, kiwango cha juu ni kama gramu 100 tu za boroni halisi. Kwa kunyunyizia, kiwango kinachotumika sana ni boraksi asilimia 0.1, yaani gramu 20 katika pampu ya lita 20. Pampu mbili hutosha robo ekari. Hizo ni gramu 40 za boraksi, na boroni iliyomo ndani yake haifiki gramu tano. Gramu tano zinaweza kuamua kama ua litashika au litaanguka.

Udogo huohuo ndio hatari yake. Pengo kati ya boroni inayotosha na boroni inayoua ni jembamba kuliko la madini mengine karibu yote. Ikizidi, kingo za majani huungua, na sumu hubaki udongoni ikisubiri zao linalofuata. Mkulima wa Mbumbuni akivuna hoho huenda akapanda maharagwe katika kipande hichohicho, na maharagwe ni miongoni mwa mimea isiyovumilia kabisa boroni iliyozidi. Kwa hiyo kipimo cha "kiganja" na "kifuniko cha soda" hakifai. Nunua mizani ndogo ya jikoni, au kikundi kichangie moja. Yeyusha boraksi kwanza katika kikombe cha maji ya moto hadi punje ziishe, jaza pampu nusu, mimina, koroga, kisha jaza hadi juu. Nyunyiza asubuhi na mapema au jioni, jani likiwa bichi na jua halijachoma, ukungu wa dawa ushike juu na chini ya jani bila kutiririka.

Wakati wa boroni ni kabla ya ua kufunguka, vitumba vya kwanza vinapoonekana, kwa kuwa chavua hutengenezwa ndani ya kitumba. Katika hoho boroni haihami kirahisi kutoka jani kuukuu kwenda jipya, hivyo kunyunyiza mara moja hakutoshi. Rudia vitumba vipya vinapokuja, kwa kiwango kilekile kidogo. Zinki hutiwa mapema, wiki mbili au tatu baada ya kuhamisha miche. Salfeti ya zinki ya asilimia 0.2 hadi 0.3, gramu 40 hadi 60 kwa pampu, huifaa hoho bila kuiunguza. Anza na mistari miwili. Acha mistari mingine bila kitu, hesabu matunda yaliyoshika katika kila upande, ndipo uamue kuhusu shamba lote. Mkulima anayefanya hivyo ana ushahidi kutoka kwenye udongo wake mwenyewe, wala hahitaji kuamini picha ya kwenye chupa.

Zizi ni ghala

Nyumba nyingi za Mbooni zina mbuzi au ng'ombe wawili watatu, na kinyesi chao kina takriban madini yote tuliyoyataja. Tani moja ya samadi kavu hubeba makumi ya gramu za zinki, na pamoja nayo boroni, shaba, manganisi na chuma, tena katika hali inayoachiliwa polepole. Mboji yake hushika maji, hulegeza fosforasi na kuzuia udongo usibadilike asidi kwa ghafla. Nitrojeni ya samadi hupotea ikiachwa juani, kwa hiyo irundike kivulini na uifunike. Ukiweka koleo mbili za samadi iliyoiva vizuri katika kila shimo kabla ya kupanda, huenda mwaka wa pili usihitaji chupa yoyote. Ni njia ya taratibu, lakini ndiyo inayoujaza udongo wenyewe, ilhali kunyunyizia hulisha mmea wa msimu huo tu.

Haki ya mkulima

Hoho na pilipili kali zina soko, na soko hilo limezidi kuwa kali. Tangu Januari 2018 Umoja wa Ulaya huitaka pilipili ya Afrika ithibitishwe kwamba haina kiwavi wa nondo aitwaye Thaumatotibia leucotreta, na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, ndilo hukagua mizigo ya Kenya. Tunda dogo, lililopinda au lenye baka halifiki hata kwenye meza ya mkaguzi. Hubaki kwa broka anayelipa atakacho. Kila tunda linaloshika vizuri humwongezea mkulima nguvu ya kukataa bei mbaya.

Kwa hiyo wakulima wa Mbumbuni wana haki ya kudai mambo matatu. La kwanza ni kipimo cha udongo kilicho karibu na nafuu, kinachojumuisha boroni na zinki, kitakachopatikana Mbooni bila mtu kufunga safari hadi Nairobi. La pili ni pembejeo za kweli: mwaka 2024 kashfa ya mbolea bandia katika mpango wa ruzuku ilifika hadi Bungeni, na tangu hapo hakuna sababu ya mkulima kuombwa aamini tu. Lebo na iseme ni asilimia ngapi ya kila madini iliyomo, na isomeke kwa Kiswahili. La tatu ni maafisa wa kilimo wanaofika shambani vitumba vikiwa bado vimefumba, kwa kuwa wakija matunda yameoza hakuna ushauri uliosalia.

Mengine yako mikononi mwa mkulima, na yanaweza kuanza wiki hii: kufunika mistari kwa nyasi, kumwagilia bila kuruka, kuhamishia samadi kivulini, kuchota sampuli kwa ndoo ya plastiki. Akikamilisha hayo na bado maua yakawa yanaanguka, sasa na aende dukani akiwa na karatasi ya maabara mkononi, aombe madini aliyoambiwa yamepungua, kwa gramu alizoambiwa. Muuzaji mwema atamshukuru, na fedha yake itakuwa imenunua kile ambacho hoho zake zilikuwa zikikikosa.